Jinsi ya Kutazama Mchoro wa Penseli wa Msitu: Mwongozo kwa Anayeanza

Ukutani mwa sebule yangu, hapa Nyegezi, Mwanza, pana mchoro wa penseli ambao rafiki yangu aliuchora baada ya kukaa siku nne katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria. Unaonyesha sehemu ya ndani ya msitu: mashina matatu makubwa upande wa kushoto, njia nyembamba ya wanyama inayopinda katikati, na kwa mbali mwanya mdogo ambao ziwa huonekana kupitia kwake. Karibu kila mgeni anayekaa chini ya mchoro huo huniuliza maswali yale yale: kwa nini msanii hakutia rangi, kwa nini hamna mtu wala mnyama, na mtu asiyesomea sanaa atajuaje kwamba mchoro kama huu ni mzuri. Nimeyajibu maswali hayo kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba maelezo hayamsaidii mgeni kama anavyosaidiwa nikimsimamisha mbele ya mchoro na kumwelekeza pa kutazama. Mwongozo huu unafanya kazi hiyo ya kuelekeza.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Mchoro mmoja halisi wa penseli wenye miti. Ukiukosa, chapisha picha ya mchoro kwenye karatasi isiyong'aa, isiyopungua ukubwa wa A4. Skrini ya simu ni ndogo mno, na mwanga wake hubadilisha kijivu chote.
- Mwanga wa mchana unaotoka dirishani, lakini si jua la moja kwa moja.
- Nafasi ya kurudi nyuma hatua nne, na kiti.
- Tochi ndogo. Ya simu inatosha. Kama una lenzi ya kukuzia, iweke karibu.
- Penseli tatu za ugumu tofauti, kwa mfano 2H, HB na 4B, pamoja na raba na karatasi nyeupe. Ukikosa zote, penseli ya HB ambayo watoto huitumia shuleni itakufaa kuanzia.
- Dakika thelathini zisizo na simu wala mazungumzo.

Nadharia unayoihitaji ni fupi. Wazee wetu waliiita penseli kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna madini ya risasi hata chembe. Kuna grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanurini kwa njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake huwa wa kijivu hafifu. Hizo ndizo za herufi H. Grafiti ikizidi, penseli huwa laini na nyeusi zaidi; hizo ndizo za herufi B. Zingatia pia kwamba penseli haina weupe. Kila mahali panapong'aa katika mchoro wako, iwe ni jua juu ya gome au maji ya ziwa kwa mbali, unachokiona ni karatasi tupu ambayo msanii aliamua kutoigusa, au aliyoirudishia weupe wake kwa raba.

Hatua za kufuata

1. Jaribu penseli kwa mkono wako mwenyewe kwanza. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba ni ya wachoraji peke yao. Kwa kila penseli, chora utepe mmoja wenye urefu wa kidole, ukianza kwa kugusa karatasi kwa wepesi na kumalizia kwa kukandamiza. Kisha lalisha penseli na utumie ubavu wa ncha yake. Utaona kwamba 2H haifikii weusi hata ukiikandamiza mpaka karatasi ibonyee, na kwamba 4B huchafua kidole mara moja. Dakika tano za zoezi hili zitakufanya ukifika mbele ya mchoro uhisi mkono ulipokuwa mzito na ulipokuwa mwepesi, na mtu ambaye hajawahi kukandamiza penseli kwa makusudi huona mistari tu.

2. Rudi nyuma hatua nne na ufinye macho. Finya macho mpaka majani na vitawi vipotee na yabaki mafungu ya giza na mwanga. Hesabu mafungu hayo. Katika mchoro wangu yako matatu: fungu jeusi la mashina upande wa kushoto, fungu la kijivu la vichaka katikati, na kipande cheupe kisichozidi upana wa vidole viwili ambacho ni ziwa. Muundo wote wa mchoro umesimama juu ya mafungu hayo matatu. Mtu aliyewahi kutazama mawe ya Mwanza alfajiri, kabla jua halijapanda, anaijua hali hii, kwa sababu saa hiyo Jiwe la Bismarck huwa umbo moja jeusi juu ya maji na hakuna anayeuliza nyufa zake ziko wapi.

Tahadhari: kosa la kwanza la wanaoanza ni kukimbilia karibu na karatasi na kusifu udogo wa majani. Ustadi wa mkono upo, lakini ukianza nao hutaona tena mpangilio.

3. Tafuta mwanga unatoka wapi. Chagua shina moja nene na uulize upande gani wake ni mweupe. Kisha kagua mashina mengine, moja baada ya jingine, na mwishowe vivuli vilivyolala ardhini. Vyote vikikubaliana, utajikuta unajua takriban saa ya siku: kivuli kirefu ni cha asubuhi au jioni, kivuli kifupi kilichokusanyika chini ya mti ni cha adhuhuri. Kivuli cha ardhini kina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaioni, nayo ni kuonyesha umbo la ardhi yenyewe, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja nayo. Kwa hiyo tuta dogo au mfereji unaweza kuonekana bila msanii kuuchorea mstari wowote.

Tahadhari: usiuhukumu mchoro haraka ukiona madoa ya mwanga yaliyotawanyika. Ndani ya msitu mnene jua hupenya kwenye matundu ya majani na kuangukia mahali pasipotarajiwa, hivyo shina linaweza kuwa na doa jeupe upande ule ule ulio gizani. Kosa la kweli ni pale miti miwili iliyo wazi, isiyofunikwa na chochote, inapopewa majua mawili.

4. Ingia ndani ya mchoro kwa mguu. Fikiri kwamba umesimama kwenye ukingo wa chini wa karatasi na unataka kutembea hadi mbali kabisa. Unapita wapi? Huenda pana njia, kijito, mstari wa mawe, au mfululizo wa vipande vyeupe ambavyo jicho huruka kutoka kimoja hadi kingine. Tembea polepole na uone unapokwama. Msanii mzuri hukukwamisha kwa makusudi, kwa mfano kwa kulaza gogo njiani, ili ukae kidogo mahali ambapo yeye mwenyewe alikaa.

Msitu hauna kuta wala barabara zilizonyooka za kuonyesha umbali, kwa hiyo msanii hutumia mambo mengine manne: mti wa mbele kuufunika wa nyuma, ukubwa kupungua, mambo madogo madogo kupotea, na weusi kufifia. Hilo la mwisho sisi wa kando ya ziwa tunalifahamu bila kufundishwa. Simama Capri Point wakati wa kiangazi utazame ng'ambo ya ghuba: kilima kilicho karibu ni cheusi, cha nyuma yake ni cha kijivu, na cha mwisho unakaribia kushindwa kukitofautisha na anga, kwa sababu mvuke, vumbi na moshi vilivyo katikati hutawanya mwanga. Mchoraji hufanya jambo hilo hilo kwa kubadilisha penseli, ya 4B kwa mti wa mbele na ya 2H kwa mti wa mbali. Ukiona shina la mbali limekolezwa sawasawa na la mbele, hapo umbali umevunjika, na jicho lako litakataa kuendelea hata kabla hujajua sababu.

5. Itambue miti. Hapa ndipo mimi hutumia nusu ya muda wangu, na ningependa nawe ufanye hivyo, kwa sababu mchoro wa msitu usioijua miti ni pambo tu. Jiulize kila mti ni wa namna gani hata kama hujui jina lake. Msonobari, kama ile ya shamba la miti la Rubya kule Ukerewe, hunyooka na kutoa matawi kwa ngazi. Mkaratusi hubandua gome lake kwa vipande virefu, na penseli ya msanii anayeujua itateremka kwa michirizi mirefu iliyolegea. Mkuyu hunenepa chini, hutanua matawi mazito karibu na ardhi na hubeba matunda kwenye shina lenyewe. Migunga mingi hutandaza kilele chake kama mkeka. Msomaji aliyelelewa Usukumani karibu na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumzike hadi kiangazi, ana elimu ya kutosha ya kukagua mambo haya na hana haja ya kumwonea haya mtu yeyote aliyesoma chuo cha sanaa.

Baada ya hapo fuata shina moja kutoka mizizi hadi ncha. Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake kwamba matawi ya mti, yakikusanywa pamoja katika kimo chochote, yana unene unaolingana na wa shina lililo chini yao. Huna haja ya kupima. Angalia tu kama kila tawi ni jembamba kuliko lile lililolizaa, na kama linatoka kwenye shina kwa kuota badala ya kubandikwa. Kisha shuka mpaka chini kabisa. Je, mti umeingia ardhini, au umewekwa juu yake kama nguzo? Wanaojifunza kuchora huficha mguu wa mti kwa majani kwa sababu ni mahali pagumu, na mimi hupenda sana kuona mahali ambapo msanii hakujificha, akaonyesha jinsi mzizi unavyovimba, unavyoinua udongo, na unavyozama.

Kuhusu majani, usitarajie kuyahesabu. Msanii hachori jani moja moja. Huchora mafungu ya majani, kila fungu likiwa na upande wa jua na upande wa kivuli, halafu pembezoni mwa fungu huweka alama chache zenye umbo la jani, na jicho lako hujaza zilizobaki. Tafuta pia matundu ya anga, yaani zile nafasi nyeupe ndogo zinazoonekana kati ya matawi. Mti usio nazo huonekana mzito kama jiwe, na ndege hawezi kupita ndani yake.

Ukitaka kulinganisha, tafuta katika intaneti mchoro wa misonobari au mialoni uliofanywa na Mrusi Ivan Shishkin, aliyeishi kati ya mwaka 1832 na 1898 na kuitoa karibu kazi yake yote kwa misitu, au mchoro wa penseli wa Mwingereza John Constable wa mwaka 1817 unaoonyesha miti ya kijiji alikozaliwa, East Bergholt, ambao umehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Mingi ya miti hiyo haioti kwetu, lakini utaona kwamba Constable aliutazama kila mti kama mtu anavyoutazama uso wa jirani.

6. Sasa sogea karibu, usome mistari. Weka uso wako kwa umbali wa shibiri mbili hivi na uchague eneo dogo lenye ukubwa wa kiganja. Tofautisha aina za alama: mistari sambamba iliyolazwa upande mmoja, mistari iliyokatizana, vidoti, michirizi ya haraka, na maeneo yaliyosuguliwa kwa kidole au karatasi hadi mistari ikapotea. Angalia kama mistari inafuata umbo la kitu. Kwenye shina la mviringo huzunguka kama pete. Kwenye nyasi huinuka kutoka chini. Kwenye maji yaliyotulia hulala. Msanii anayetumia mchirizi mmoja kwa gome, nyasi, jiwe na wingu amechoka, au hakutazama.

Kusugua kwa kidole si dhambi, lakini kunapozidi msitu wote huwa kama umefunikwa na masizi. Mimi binafsi huheshimu zaidi mchoro ambao ukungu wake umepatikana kwa mistari myepesi iliyorundikwa kwa subira, kwa sababu karatasi hubaki inapumua katikati yake. Hilo ni pendeleo langu, nawe una haki ya kuwa na lako.

Tahadhari: usiguse. Jasho na mafuta ya kidole huacha doa, na grafiti ambayo haijapuliziwa dawa ya kuishikiza hufutika kwa mguso mmoja tu.

7. Tazama sehemu zilizoachwa. Zungusha jicho mahali ambapo hapakuchorwa kitu. Katika mchoro wangu, ziwa lina mistari minne tu, na kwa miaka miwili nilidhani rafiki yangu hakulimaliza. Siku moja nilifunika mashina yale meusi kwa daftari, na ziwa likazimika, likawa karatasi tupu. Nilipoondoa daftari, likawaka tena. Fanya jaribio hilo kwenye mchoro wako: funika sehemu yenye giza kuu, bila daftari kugusa karatasi, uone kinachotokea kwenye mwanga.

8. Mulika kutoka ubavuni. Punguza mwanga wa chumba, shika tochi karibu na ukingo wa mchoro ili mwanga uteleze juu ya karatasi. Grafiti iliyokolezwa itatoa mng'aro wa kijivu kama wa chuma. Utaona vifereji vilivyoachwa na penseli ngumu, na mara nyingine tawi ambalo msanii alilifuta na kulihamishia mahali pengine, ambalo alama yake ilibaki kwenye karatasi. Hatua hii ndiyo pia hujibu swali la wanaonunua barabarani: je, ni mchoro au ni nakala? Nakala haina vifereji, weusi wake haung'ai kwa namna hiyo, na chini ya lenzi mara nyingi huonyesha nukta ndogo ndogo za mashine.

9. Andika sentensi tatu. Kila moja ianze na kitu ulichokiona, ndipo ifuate hisia. "Njia inapinda kabla ya kufika ziwani, nami nikabaki nikitamani kujua kilicho nyuma ya kona" ni sentensi nzuri. "Mchoro unavutia sana" haina kazi, kwa sababu unaweza kuiandika bila kufungua macho. Rudi kesho saa tofauti, usome ulichoandika, uone kama bado unakubaliana nacho.

Ukikwama

*Naona weusi tu.* Mwanga wako hautoshi, au kioo cha fremu kinaakisi dirisha. Sogea pembeni hatua moja, au mwombe mtu asimame nyuma yako na kitambaa cheusi. Mchoro ukiwa kwenye skrini, usiongeze mwangaza mpaka kijivu kiwe cheupe. Tafuta nakala kubwa zaidi.

*Mchoro unaonekana bapa.* Rudia hatua ya nne ukilinganisha shina moja la mbele na moja la mbali. Kama weusi wao unalingana, hujakosea wewe, umbali haukuchorwa. Kama haulingani na bado huoni kina, uko karibu mno.

*Najikuta nauliza tu ni mahali gani.* Ni swali la kawaida, na ukilijua jibu halidhuru. Liweke kando hadi umalize hatua ya tisa, kwa kuwa jina la mahali hulifanya jicho listarehe mapema. Vivyo hivyo na kulinganisha mchoro na picha ya kamera: kamera haikuchagua kuacha majani elfu moja, msanii alichagua.

*Nakosa rangi.* Toka nje, ufinye macho mbele ya mwembe wowote, na uweke jani bichi karibu na jani kavu. Jiulize ni lipi lenye giza zaidi, si lipi la kijani. Ukirudi ndani, macho yatakuwa yameanza kupima giza badala ya kutafuta rangi.

*Macho yanachoka.* Pumzika kila baada ya hatua tatu. Zoezi zima linaweza kugawanywa kwa siku mbili.

*Mchoro wangu umeanza kuwa wa njano au una madoa ya kahawia.* Grafiti haififii kwa jua, lakini karatasi huharibika kwa jua na kwa unyevu, na hapa ziwani unyevu haukosekani. Uhamishe kwenye ukuta usiopigwa na jua wala kupakana na bafu, hakikisha kuna kadi inayotenganisha karatasi na kioo, na uzibe nyuma ya fremu vizuri ili wadudu wadogo wa ziwani wasiingie wakati wanapokuja kwa makundi. Usijaribu kufuta madoa kwa kitambaa kibichi wala kwa raba. Mpelekee mtu anayejua kazi ya karatasi, na mpaka utakapompata, uache mchoro kama ulivyo.